Tipa Tatu za Kifusi: Yaliyonikuta Nilipochimba Msingi Buguruni

Siku ya tatu ya kuchimba msingi, fundi mkuu alinipigia simu saa nne asubuhi. "Mwalimu, hebu fika saiti. Huku chini kunanuka." Nilidhani wamepasua karo la jirani. Nilipofika nikakuta vibarua wamekaa juu ya tofali, sururu zimelazwa chini, na kijana mmoja anaosha macho kwa maji ya kunywa. Mtaro ulikuwa umefika kina cha kiuno. Juu ulikuwa mchanga wa kahawia tunaoujua wote hapa Dar, chini yake tabaka jeusi kama masizi ya sufuria, lenye kuteleza, na harufu ya gereji kabisa, oili chafu iliyochanganyika na dizeli. Fundi alichukua donge akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tukasubiri kidogo, utando wenye rangi za upinde wa mvua ukatanda juu ya maji yote.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Kiwanja changu kiko Buguruni, mita 20 kwa 25. Nilikinunua mwaka mmoja kabla kwa kiinua mgongo, baada ya miaka 33 ya kufundisha. Nilikusudia fremu za maduka kwa mbele na vyumba vya kupangisha kwa nyuma, nile uzeeni bila kumsumbua mtu. Nimeandika haya kwa sababu tangu yanikute nimeshapigiwa simu na watu wanne wenye tatizo kama langu, na wote wanne walikuwa wanakaribia kufanya nililolifanya mimi.

Kosa langu kubwa lilikuwa limeshafanyika kabla ya simu ile. Dar es Salaam kifusi ni mali. Ukianza msingi leo, kabla ya adhuhuri watu watatu wameshakuja kukuulizia, maana kila mwenye nyumba bondeni anatafuta udongo wa kuinulia uwanja wake kabla ya mvua. Siku mbili za mwanzo tulichimba kona ya mashariki. Udongo wa pale haukuwa na harufu ya kutisha. Ulikuwa wa kijivu kidogo, una vipande vya plastiki nyeusi na vitu vizito kama vigae vya chuma. Fundi alisema ni takataka za zamani. Wakaja watu na tipa, nikawaambia chukueni bure, gharama ya gari ni yenu. Tipa tatu zikaondoka. Sikuandika namba ya gari hata moja wala sikuuliza mzigo unakwenda wapi. Nilifurahi kwamba nimeokoa pesa ya kuusomba.

Turudi siku ya tatu. Pale saiti kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema tuchanganye na mchanga safi, harufu itakwisha. Mwingine, tumwagie petroli tuuwashe moto. Fundi mkuu, ambaye ni mtu mzuri na hadi leo ndiye fundi wangu, alisema tuharakishe kumwaga jamvi, zege likishakauka hakuna harufu itakayopita. Mdogo wangu akashauri tupakie usiku tupeleke dampo la Pugu. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Pesa ilikuwa imeshatengwa hadi senti ya mwisho, na kila siku ya vibarua kukaa ilikuwa inanila. Nilikaribia kukubali lile la zege.

Kilichonizuia ni mzee wa nyumba ya jirani. Nilikwenda kumwomba maji zaidi kwa ajili ya macho ya yule kijana, nikamwamkia, akanikaribisha barazani. Akaniuliza, "Mmefika kwenye shimo la oili?" Nikashangaa. Basi akanisimulia. Pale palikuwa na gereji tangu miaka ya themanini, ikaja kufa mwanzoni mwa 2010. Katikati palikuwa na shimo la kumwagia oili iliyotolewa kwenye magari. Nyuma palikuwa na pipa la dizeli lililofukiwa ardhini. Na ile kona ya mashariki palikuwa na banda la betri. Walikuwa wanapasua betri za magari, tindikali inamwagwa chini, zile sahani za ndani wanaziyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa, wanatengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu na mishipi, za kuwauzia wavuvi wa Feri.

Nilimuuliza kwa uchungu kwa nini hakuniambia. Akajibu kwa upole, "Mwanangu, ulikuja na dalali na gari, mkapima, mkaondoka. Hata dakika moja hukukaa hapa." Alisema kweli. Muuzaji aliniambia palikuwa na mabanda tu, na mimi nikaridhika na hati kuwa safi. Nilikwenda kuhakiki hati, nilihakiki mipaka, nilihakiki deni la kodi ya ardhi. Udongo sikuuhakiki. Siku hizi mtu akiniomba ushauri wa kiwanja cha mjini, hasa maeneo ya Gerezani, Keko, Chang'ombe, Buguruni au Vingunguti ambako gereji na viwanda vidogo vimekaa miaka mingi, namwambia aende bila dalali, akae na wazee wawili watatu na mama lishe wa zamani wa pale. Aangalie sehemu ambazo hata magugu hayaoti, bomba la chuma linalochomoza ardhini bila sababu, saruji ya zamani yenye madoa meusi. Kwenye Google Earth ya kompyuta kuna kitufe cha picha za miaka ya nyuma, ni bure. Nilipokuja kuifungua nikaona paa za gereji yangu na magari yamepangwa kama dagaa. Ningeiangalia kabla, nisingelipa bei ile.

Siku hiyohiyo nilisimamisha kazi. Mjukuu wangu akanisaidia kutafuta mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, nikaenda naye ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kutoa taarifa. Watu wengi wanaogopa hatua hii, wanadhani wakijitokeza watafungiwa ujenzi na kupigwa faini. Nami niliogopa, usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nilipokelewa vizuri, nikaelekezwa cha kufanya kwa maandishi, na barua ile ndiyo iliyonisaidia baadaye kila nilipotakiwa kueleza kwa nini nina udongo wa aina hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatazama aliyechafua na pia anayesambaza uchafu. Mwenye gereji hayupo tena duniani. Ila aliyesambaza nilikuwa mimi.

Kabla mtaalamu hajafika nilifanya kosa jingine. Nilijaza udongo kwenye chupa tupu za maji ya kunywa zilizokatwa shingo, nikazipeleka maabara mwenyewe ili niokoe siku. Dada wa mapokezi akazitazama akaniambia, "Mama, hizi hatuwezi kuzipima. Kilicho muhimu kimeshapaa njiani." Sampuli ya udongo wenye mafuta inawekwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, inajazwa pomoni isibaki nafasi ya hewa, inawekwa kwenye barafu, inafika maabara haraka. Petroli na dizeli vina sehemu zinazoruka hewani kama spiriti. Ukichelewa, maabara itakuambia udongo wako ni safi kuliko ulivyo. Kwa madini mambo ni tofauti, yenyewe hayapai, hata mfuko safi unatosha. Hayo niliyajua kwa kulipia nauli ya bure.

Mtaalamu alipokuja alileta kekee ya mkono ya kuchimbia udongo, ndefu kuliko yeye. Akagawa kiwanja kwa kamba kama bao, akatoboa sehemu tisa, kila sehemu akichukua juu, katikati na chini. Alivaa glavu na kuzibadilisha kila shimo. Niliuliza kwa nini anaharibu glavu nyingi hivyo, akasema uchafu wa shimo la kwanza ukihamia la pili, utachimba na kulipia kusomba udongo ambao hauna tatizo. Hapo nikaacha kuhesabu glavu.

Aliwakusanya pia mafundi, akaongea nao kwa lugha yao. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama ndani ya shimo kama maji, kwa hiyo sigara na mashine ya kuchomelea vikae mbali, na mtu asiingie peke yake kwenye shimo refu. Pua isiaminiwe, kwa sababu baada ya dakika chache inazoea na harufu inapotea huku mvuke upo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Chakula kiliwe nje ya uzio baada ya kunawa kwa sabuni. Nguo za kazi zibaki saiti, zisiende nyumbani kulala chumba kimoja na watoto. Kuhusu uchafu wa kazini kumfikia mtoto nyumbani akatoa mfano wa Owino Uhuru, Mombasa, mtaa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda hicho, na mtoto wake aliyekuwa ananyonya akakutwa na sumu ya madini ya risasi, yale yaliyomo ndani ya betri za magari. Ndiye aliyepigania watu wa mtaa ule hadi kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu ikapinduliwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 ndipo hukumu ile ikarudishwa. Fikiria ni miaka mingapi.

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Siku hizo tulifunika marundo yote kwa turubai na kuyawekea mawe pembeni, kwa sababu vuli ilikuwa mlangoni. Tulichimba kijitaro kuzunguka ili maji ya mvua ya uwanja yasipite kwenye rundo. Kama kuna jambo moja la haraka unaloweza kufanya bila kumsubiri mtaalamu, ni hili, na turubai halikushindi bei.

Mtaalamu alinifafanulia majibu mezani kwangu, kikombe cha chai kikipoa. Kiwanja kilikuwa na matatizo mawili yasiyofanana. La kwanza ni mafuta, katikati na nyuma, yamezama hadi karibu mita tatu, nusu mita tu juu ya maji ya ardhini. Hilo lina dawa. La pili ni ile kona ya betri. Madini ya risasi pale yalikuwa miligramu 4,300 kwa kila kilo ya udongo, wakati upande wa pili wa kiwanja yalikuwa 60. Akaniambia Marekani wanaanza kuutilia shaka udongo wa makazi ukifika 400, na kuna mjadala wa kushusha. Kweli, Januari 2024 wakashusha hadi 200. Mafuta, akasema, vijidudu vya ardhini vinaweza kuyala. Risasi hailiwi na kitu. Haiozi, haiungui, haikauki. Ilipomwagwa miaka ya themanini ndipo ilipo leo, isipokuwa mtu aihamishe.

Nikaweka kikombe chini. Zile tipa tatu zilitoka kona ya mashariki.

Sitaki kuipitia haraka sehemu hii. Mtaalamu alinieleza pia habari ya Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar nchini Senegali. Watu walikuwa wakipasua betri pale kwa miaka, bei ya risasi ilipopanda wakaanza kuchimba ule mchanga na kuuchekecha, wengine wakiuweka kwenye magunia majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Nilimuuliza kama nimeua mtoto wa mtu. Akasema hajui, kwanza tuutafute udongo.

Kuutafuta kulichukua siku tano. Nilianzia kijiwe cha tipa, nikanunua soda, nikasema ukweli wote. Dereva wa kwanza alikumbuka upesi: mzigo wake ulimwagwa Kigogo, kwenye msingi mpya wa nyumba isiyokuwa na mtu bado. Huo ulikuwa rahisi. Mwenye nyumba alikasirika, akaandikiana nami, tukauchota wote na sentimita kumi za chini yake, nikamjazia mwingine.

Wa pili ulikuwa Vingunguti. Nilifika na mtaalamu jioni, mama mwenye nyumba anakaanga samaki mlangoni. Uwanja wake ulikuwa umeinuliwa vizuri, umesawazishwa kwa fimbo, umefagiliwa na mistari ya ufagio inaonekana. Katikati ya mistari hiyo watoto wawili, wa miaka mitatu na mitano, walikuwa wamechuchumaa wakicheza bao kwenye vishimo walivyochimba. Kete zao zilikuwa vipande vya kijivu. Yule mdogo alikuwa na kimoja mdomoni. Nilichukua kipande mkononi: kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kizito kupita ukubwa wake, na ukikiparua kwa kucha kinang'aa kama fedha.

Yule mama alinisalimu shikamoo, akanipa kigoda. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, lakini sentensi ya kuanzia sikuipata. Nilipomwambia ni madini ya risasi, alishtuka akidhani ni risasi za bunduki, akatazama paa. Mtaalamu akamweleza polepole. Akanyamaza, akazima jiko, akawabeba watoto wote wawili kwa mpigo kuwaingiza ndani. Aliporudi alisema, "Mwalimu, mimi niliusifia udongo wako kwa majirani." Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Kesho yake tuliwapeleka hospitali. Damu ilichukuliwa, majibu yakachukua wiki tatu. Mkubwa alikuwa na mikrogramu 4 kwa desilita, mdogo 7. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kuanzia 5 lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe. Daktari alikuwa mkweli: hakuweza kusema yote ilitoka kwenye kifusi changu, huenda mingine ilikuwepo tangu zamani kwenye rangi au vyombo. Dawa ya kwanza ni kumtenga mtoto na chanzo, akasema, kisha lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu, maana mwili wenye upungufu wa hivyo hufyonza risasi zaidi. Dagaa, maziwa, maharage, mboga za majani. Kwa miezi sita nilipeleka maziwa na dagaa kila Jumamosi. Kipimo cha tatu yule mdogo alikuwa 3. Bado nampeleka kila mwaka, na nitaendelea hadi aanze shule na baada ya hapo.

Udongo wa pale tuliuchota wote, tukiulowesha kwanza ili vumbi lisiruke. Usifagie vumbi la risasi kavukavu. Ndani tulipiga deki mara tatu kwa maji ya sabuni, tukabadilisha mikeka. Mama alitaka nimwekee sakafu ya saruji uwanja mzima, nikamwekea.

Tipa ya tatu nitaieleza mwishoni.

Udongo wa risasi, pamoja na uliorudi kutoka Kigogo na Vingunguti, ulichukuliwa na kampuni yenye kibali cha kubeba taka hatarishi. Hapo msiwe na haya. Ombeni kuona kibali chenyewe, someni kama kinataja aina ya taka yenu, na msilipe salio hadi mpewe fomu iliyogongwa muhuri na mahali ulipopokelewa. Kabla ya hiyo, kampuni moja ilinipa bei nusu ya wenzake. Nilipoomba fomu ya mapokezi wakaniambia "tutaelewana tu." Nikajua mzigo utaishia bondeni kwa mtu mwingine.

Udongo wa mafuta tuliutibu palepale kwa ruhusa. Ulikuwa kama mita za ujazo 40. Tulitandika nailoni nzito upande wa nyuma wa kiwanja, tukainua kingo kwa tofali, tukaumwaga kwa kimo cha nusu mita, tukachanganya na mbolea ya kuku na pumba za mpunga. Mbolea inawapa vijidudu naitrojeni, pumba zinaacha njia za hewa. Kila wiki kijana mmoja aliugeuza kwa koleo na kuunyunyizia maji ukae kama udongo wa kitaluni, unyevu bila kutota. Juu turubai. Vuli ya 2023 ilikuwa na El Niño, mvua zilipiga hadi turubai likapasuka mara mbili, na usiku mmoja wa Novemba mimi na mdogo wangu tulisimama juu ya rundo lile tukilishika kwa mikono hadi alfajiri. Tuliposogea Januari harufu ilikuwa imebadilika, inanuka shamba. Dizeli ilikwisha kwanza. Oili ya injini ni ngumu, ilitaka miezi tisa. Joto letu linasaidia sana. Vijidudu havina msimu wa baridi hapa. Anayekuharakisha wiki sita kwa udongo wa oili chafu anakudanganya.

Kisima cha mzee jirani tulikipima mara tatu kwa mwaka mzima. Kilikuwa salama, kwa sababu maji ya chini yanaelekea upande mwingine, lakini hatukujua hilo hadi tulipopima. Nilimwambia asikinywe hadi majibu yatoke, nikamnunulia maji.

Msingi wenyewe ulibadilika. Kwenye kona ya betri tindikali ilikuwa imeacha salfeti nyingi ardhini, nayo inatafuna zege, kwa hiyo mhandisi alitaka saruji inayostahimili salfeti. Bomba la maji tulilihamishia mbele kwenye udongo safi. Hili watu hawalijui: petroli inaweza kupenya ukuta wa bomba la plastiki taratibu ikaingia kwenye maji ya kunywa, bila bomba kuvuja hata tone. Chini ya jamvi tukaweka kokoto na nailoni, na vibomba viwili vya kutolea mvuke hadi juu ya paa.

Gharama. Nilikuwa nimetenga milioni 14 kwa msingi. Udongo peke yake ulinila milioni 21.7 juu ya hizo: vipimo milioni 2.7, mtaalamu 3, kusombwa kwa udongo wa risasi 8.5, na zilizobaki ni kurudisha vifusi, turubai, mbolea, kifusi kipya na malipo ya mafundi walipokaa bila kazi. Matibabu ya watoto na sakafu ya Vingunguti sikuviweka humo, hesabu hiyo ni yangu mwenyewe. Niliuza gari. Nyumba ya ghorofa moja niliyokusudia kujenga imebaki fremu nne na vyumba vitatu. Kama ningezuia zile tipa siku ya kwanza, kwa hesabu ya mtaalamu, ningeokoa karibu theluthi. Pia muuzaji sikumpeleka mahakamani. Mkataba wangu haukuwa na kifungu chochote kuhusu matumizi ya zamani ya ardhi. Mstari mmoja tu, kwamba muuzaji anathibitisha kiwanja hakikuwahi kuwa gereji, sheli au sehemu ya betri, ungenipa pa kuanzia. Mwambie wakili wako auandike.

Tipa ya tatu. Dereva wake alikuwa amehama kijiwe, tulimpata siku ya tano. Mzigo wake haukuwa na mteja, kwa hiyo aliumwaga kwenye korongo pembezoni mwa bonde la Msimbazi, ambako mwenye bustani ya mchicha alikuwa anaziba njia ya maji. Tulifika Oktoba tarehe za mwanzo, tukauona, nusu umeshasambazwa. Tulichota tulichoweza. Wiki iliyofuata mvua kubwa zikaanza, na maji yalipopungua korongo lilikuwa limehama na tuta lote limekwenda.

Tumepima bustani ile mara nne. Sehemu kubwa risasi iko chini ya miligramu 100 kwa kilo ya udongo. Kuna ukanda mmoja chini ya mnazi uliotoa 310. Mwenye bustani ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ana mke na mtoto mchanga. Tulikubaliana mbele ya mtendaji wa mtaa kwamba ukanda ule haulimwi, nami namlipa kila msimu thamani ya mchicha wa matuta manne. Juzi alinipigia simu kuwa maji ya masika yamesogeza mchanga tena, ule ukanda umeongezeka, na tuta la tano analitilia mashaka. Nimemwambia asivune lile tuta. Jumamosi naenda na mtaalamu na chupa zetu.